BANGI, KIFAFA NA KITU KIITWACHO CBD: WAZAZI TUJUE TOFAUTI



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali lililotoka kwa familia za Jozani, katika semina ya afya iliyofanyika kwa jumuiya ndogo ndogo za upande ule. Walikuwapo pia majirani zetu Waislamu kutoka Pete na Kitogani, maana maradhi hayaulizi dini. Baba mmoja alisimama akasema: "Sista, tunasikia Wazungu wanatengeneza dawa ya kifafa kwa bangi. Kama ni dawa kwao, mbona kwetu ni haramu na tunakamatwa? Na mimi nina mtoto anayeanguka, nifanyeje?"

Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa mkato. Baba yule alisikia kweli nusu, na kweli nusu ndiyo inayoumiza watoto. Ni kweli kwamba ipo dawa ya kifafa inayotolewa katika mmea wa bangi. Lakini si kweli kwamba bangi ni dawa ya kifafa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo somo letu la leo.

MMEA NI DUKA LA DAWA NA GHALA LA SUMU

Watu wa Jozani hawahitaji kufundishwa kwamba majani yana nguvu. Wanaishi na kima punju, kima mwekundu ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake, na jina lenyewe "punju" maana yake ni sumu. Wengi wenu mmewaona kima hao wakishuka katika mashamba kula majani machanga ya mwembe na mkungu, kisha wakienda kwenye visiki vilivyoungua au matanuri ya makaa, wakichukua kipande cha mkaa na kukitafuna. Watoto huwacheka. Lakini wataalamu wakiongozwa na Thomas Struhsaker walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1997 walitangaza matokeo yao. Majani ya mwembe na mkungu yana chakula kingi kizuri, lakini pia yana kemikali za uchungu zinazozuia chakula kisisagike vizuri tumboni. Mkaa huzinasa kemikali hizo. Kima akila mkaa, hupata faida ya jani na kupunguza madhara yake.

(Tahadhari: Tusiige. Mkaa wa jikoni si dawa ya mtoto. Mkaa unaotumika hospitalini kwa baadhi ya sumu umetengenezwa kwa namna ya pekee na hutolewa kwa kipimo.)

Mmea hauwezi kukimbia adui, kwa hiyo hujilinda kwa kemikali. Kemikali hizo nyingine ni sumu, nyingine ni dawa, na nyingi ni vyote viwili kulingana na kiasi. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Artemisinini, ambayo ndiyo nguvu ya dawa mseto ya malaria, ilipatikana katika mmea huko China mwaka 1972 kwa kazi ya Mama Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na sote tumeona jinsi wodi za watoto zilivyopungua wagonjwa wa malaria. Lakini hatuwapi watoto chai ya majani ya mmea ule. Shirika la Afya Duniani limekataza hivyo, kwa sababu hakuna anayejua kikombe kimoja kina dawa kiasi gani. Tunatoa kidonge kilichopimwa. Kwa bangi ni hivyo hivyo.

BANGI INA NINI NDANI YAKE?

Bangi ni mmea wa kale. Jina lake la Kiswahili ni ndugu wa neno "bhang" la Kihindi, na hiyo yatosha kutuonyesha kwamba ni mgeni aliyeingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya bahari na biashara. Tusiuchanganye na mkonge wa Tanga, ingawa huo nao huitwa katani. Mkonge ni mmea mwingine kabisa, hauna kilevi.

Katika maua na majani madogo ya bangi kuna vinyweleo vinavyotoa utomvu unaonata. Ndani ya utomvu huo wataalamu wamekuta kemikali zaidi ya 100 za ukoo mmoja. Mbili ndizo zinazotuhusu leo:

Ya kwanza ni tetrahidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Hii ndiyo inayolewesha. Ilitenganishwa na kutambuliwa sawasawa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni huko Israeli.

Ya pili ni kanabidioli, kwa kifupi CBD. Hii hailewi. Ilitenganishwa mwaka 1940 na Roger Adams huko Marekani, na umbo lake likajulikana kamili mwaka 1963.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. THC na CBD zimejengwa kwa vitu vile vile na kwa hesabu ile ile: atomi 21 za kaboni, 30 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Tofauti yake ni mpangilio tu. Chukua herufi K, I, M na A. Ukizipanga hivi unapata "kima". Ukizipanga vingine unapata "mkia". Herufi ni zile zile, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema kima na mkia ni kitu kimoja. Ndivyo zilivyo THC na CBD.

Mwili wenyewe unaijua tofauti hiyo. Katika ubongo wetu mna kama vitasa vidogo, vilivyogunduliwa mwaka 1988. Vimejaa sehemu za kumbukumbu, za kupanga mwendo na za kuhisi wakati. Mwenyezi Mungu hakuviweka kwa ajili ya bangi. Mwili unatengeneza funguo zake wenyewe, na mmoja wao uligunduliwa mwaka 1992 ukaitwa anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Ufunguo wa mwili hufungua kidogo, kisha huondolewa mara moja. THC ni ufunguo wa kughushi: huingia katika kitasa, hufungua, na kukaa. Ndiyo maana mvutaji husahau alichotaka kusema, huona dakika ni saa, na huyumba. THC hupenda mafuta, kwa hiyo hujificha katika mafuta ya mwili, na kwa mtu anayevuta kila siku huweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha.

CBD haikiingii kitasa hicho sawasawa. Inafanya kazi kwa njia nyingine, na moja ya matokeo yake ni kutuliza chembe za ubongo zinazopiga kelele zote kwa pamoja. Kelele hizo ndizo tunazoziita kifafa.

DAWA ILIYOPATIKANA

Mwaka 2013 televisheni ya Marekani ilionyesha habari za msichana mdogo wa Colorado aliyekuwa na kifafa kikali sana, ambaye wazazi wake walimpa mafuta yenye CBD nyingi na mishtuko ikapungua mno. Habari ikaenea dunia nzima. Lakini habari ya mtoto mmoja si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo madaktari wakafanya jaribio.

Walichukua watoto na vijana 120 wenye ugonjwa adimu uitwao Dravet, aina ya kifafa kinachoanza utotoni na kisichosikia dawa za kawaida. Wengine walipewa CBD iliyosafishwa, wengine kioevu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Kwa waliopewa CBD, kiwango cha kati cha mishtuko kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9. Kwa wale wengine kilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwezi Juni 2018 Serikali ya Marekani ikaikubali dawa hiyo, inayoitwa Epidiolex, kwa ugonjwa wa Dravet na ugonjwa mwingine uitwao Lennox-Gastaut. Mwaka 2020 ikaongezwa aina ya tatu.

Hii ni habari njema, na tumshukuru Mungu kwa ajili ya watoto hao. Lakini wazazi, someni tena kwa makini mambo manne:

1. Watoto wale hawakuachishwa dawa zao. CBD iliongezwa juu ya dawa walizokuwa wakimeza. Haikuchukua nafasi yake.

2. Dawa ilikuwa CBD safi iliyoyeyushwa katika mafuta ya ufuta, kila mililita ikiwa na miligramu 100, na kila mtoto alipimwa uzito kwanza. Si moshi, si chai, si majani.

3. Haikuwa bila madhara. Baadhi ya watoto walipata usingizi mzito, kuharisha, kutapika na kukosa hamu ya chakula. Wengine, hasa waliokuwa wakitumia valproeti, vipimo vya ini vilipanda, ikabidi waangaliwe kwa damu.

4. Haikuwaponya wote. Katika kila 100 waliopewa, ni kama 5 tu waliokaa bila mshtuko wowote wakati wa jaribio.

Na ilipoanza kuuzwa huko Marekani mwaka 2018, bei yake ilitajwa kuwa kama dola 32,500 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

KWA NINI MAJANI YA BANGI SI DAWA HIYO?

Kwanza, kwa sababu bangi inayopandwa kwa siri imechaguliwa na wakulima wake kwa ajili ya kulevya. Ina THC nyingi na CBD kidogo. Na nguvu hiyo imekuwa ikipanda. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, THC ilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa kama asilimia 12. Anayemchemshia mtoto majani hayo anadhani anampa CBD, kumbe anampa THC.

Pili, kwa sababu ya kipimo. Kemikali hizi haziyeyuki vizuri katika maji. Chai ya leo itakuwa dhaifu, ya kesho iliyotiwa maziwa au tui itakuwa kali mara nyingi zaidi, kwa kuwa mafuta huzivuta. Aidha, ikinywewa au kuliwa huchukua saa moja au mbili kabla ya kuonekana, na mama akiona kimya huongeza kikombe cha pili.

Tatu, ubongo wa mtoto mdogo hauwezi kustahimili THC. Watoto waliokula bangi kwa bahati mbaya wamefikishwa hospitali wakiwa wamelala hawaamki, wengine pumzi ikiwa imepungua.

Niliwahi kumpokea wodini mtoto wa miaka 7. Alikuwa anatumia fenobabitoni na alikuwa na miezi mingi bila kuanguka. Mtu mmoja akamwambia mama yake kwamba vidonge vinaharibu akili, ampe maji ya majani ya bangi asubuhi na jioni. Mama akaficha vidonge. Wiki ya tatu mtoto akaanza kuanguka usiku, na hakukoma. Alipofika kwetu alikuwa ametikisika zaidi ya saa nzima. Tukampa diazepamu, kisha fenobabitoni ya sindano, na oksijeni. Mama aliniuliza, "Sista, nimemuua mwanangu?" Nikamwambia, "Hujamuua, mama. Umedanganywa. Sasa nisaidie, niambie kila kitu alichokunywa." Aliniambia, na ukweli wake ulitusaidia kumtibu. Mtoto aliishi. Lakini alipoondoka wodini maneno yake yalikuwa machache kuliko aliyokuwa nayo, na darasa alilokuwa akilipenda ilimbidi alianze upya.

Wazazi, aliyemwumiza mtoto huyo si bangi peke yake. Ni kuachishwa vidonge ghafla. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ubongo hupata mshtuko mfululizo usiokoma, na hali hiyo huua.

NA ZILE CHUPA ZA MAFUTA?

Siku hizi chupa ndogo zilizoandikwa "CBD" husafiri kutoka nchi za nje, katika mizigo ya wageni na ya ndugu zetu. Mwingine atakwambia ni halali kwao, imetoka Ulaya. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walinunua bidhaa 84 za namna hiyo na kuzipima. Ni 26 tu zilizokuwa na CBD kama ilivyoandikwa. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingine zaidi, na 18 zilikutwa na THC ndani yake. Yaani anayempa mtoto matone kutoka chupa isiyo na daktari nyuma yake hajui anampa nini. Na hata kama ni CBD ya kweli, inaweza kugombana na dawa nyingine anazotumia mtoto ndani ya ini.

Kuhusu sheria: Ni kweli kwamba dunia inabadilika. Lesotho tangu mwaka 2017, Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021 zimefungua mlango wa kilimo chenye leseni kwa ajili ya viwanda vya dawa. Mwezi Desemba 2020 Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya zilizo hatari mno na zisizo na faida ya tiba, lakini uliiacha katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Kwetu Tanzania, Bara na Visiwani, kulima, kuuza na kutumia bangi ni kosa. Bara sheria ni ya mwaka 2015, na Zanzibar ina mamlaka yake yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2021. Baba wa familia akifungwa kwa shina tatu alizopanda ili kumtibu mtoto, mtoto amebaki na kifafa na hana baba.

DAWA YA KIFAFA TUNAYO

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Wakati tunatafuta dawa ya mbali, ya karibu tunaiacha.

Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba dawa hiyo inaweza kugharimu chini ya dola 5 kwa mgonjwa kwa mwaka mzima, na kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuitumia ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini watatu kati ya kila wanne hawapati matibabu yanayotakiwa.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta Wapogoro wa Mahenge wenye kifafa wakiwa wametengwa. Walikula peke yao, watu waliogopa mate yao, na wengi walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia jikoni. Alianzisha kliniki ya kifafa pale pale, akigawa hasa fenobabitoni. Watu waliokuwa wakifichwa walirudi kulima, kuoa na kuolewa. Haikuhitajika dawa ya maelfu ya dola. Ilihitajika kidonge kidogo, kila siku, na mtu wa kuhakikisha kinamezwa.

Kwa hiyo narudia: Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusa, wala kwa kula sahani moja. Si laana. Chanzo chake huweza kuwa mtoto kuchelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayomezwa kwa uchafu na kuingia ubongoni. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Katika Injili ya Marko sura ya 9, baba mmoja anamleta kwa Yesu mtoto anayeanguka motoni na majini. Kabla ya kumponya, Bwana anamuuliza baba, tangu lini amepatwa na haya? Mimi kama muuguzi napenda sana swali hilo, maana ndilo swali letu la kwanza kliniki. Kumwombea mtoto na kumpeleka hospitali havigombani.

MZAZI AFANYE NINI?

Kama mtoto ana kifafa:

1. Mpeleke kituo cha afya, na usichoke kurudi. Kwa Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja na ile ya Kidongo Chekundu zinapokea wagonjwa wa kifafa. Kidongo Chekundu si mahali pa aibu.

2. Dawa imezwe kila siku, saa ile ile, hata kama hajaanguka mwaka mzima. Isisimamishwe bila daktari kusema, na huwa inapunguzwa kidogo kidogo.

3. Kama dawa inamlaza sana au haimsaidii, sema. Zipo nyingine kama kabamazepini na valproeti. Msichana mkubwa na mama anayetaka kushika mimba amweleze daktari mapema, kwa kuwa valproeti huweza kudhuru mtoto tumboni.

4. Kama umekwisha kumpa majani, mafuta au kombe, mwambie muuguzi ukweli. Hatukuiti polisi. Tunataka kujua tumtibu vipi.

5. Asipike peke yake, asiende kuchokoa chaza wala kuogelea peke yake, asipande mnazi. Lakini aende shule na kanisani, na acheze na wenzake.

Akianguka: mlaze ubavu, sogeza moto na vitu vikali, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimnusishe kiatu wala kitunguu. Tazama saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali.

Kama kijana wako anavuta bangi: Usianze kwa fimbo. Ubongo wa mwanadamu unaendelea kujijenga mpaka kama miaka 25, na THC ikiingia mapema huharibu kumbukumbu na bidii ya masomo. Huko Sweden walifuatiliwa vijana 45,570 walioitwa jeshini, na matokeo ya mwaka 1987 yalionyesha kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa mkali wa akili uitwao skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta. Si kila mvutaji atachanganyikiwa, na tukiwaambia vijana hivyo watatucheka, kwa kuwa wanawaona wenzao wazima. Tuwaambie kweli: hakuna anayejua mapema ni nani atakayepatwa, na ambaye katika ukoo wake kuna ugonjwa wa akili yuko hatarini zaidi. Akianza kusikia sauti, kuogopa watu bila sababu au kukesha, mleteni mapema.

Mama mjamzito na anayenyonyesha: THC hupita katika kondo na katika maziwa, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Msokoto wa kutuliza kichefuchefu usiusikilize. Njoo kliniki.

KWA KUMALIZIA

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu za matibabu tu. Tazameni hekima ya mafundisho hayo: Kanisa halilaani kitu alichokiumba Mungu, linalaani matumizi yanayomharibu mtu. Ikifika siku dawa ya CBD iliyopimwa ikiwekwa katika dirisha la dawa la hospitali zetu kwa bei ya watu wetu, na daktari akamwandikia mtoto wako, mpe bila hofu ya dhambi. Mpaka siku hiyo, kidonge cha fenobabitoni kilicho mkononi mwako kina thamani kuliko mti wa bangi ulio porini.

Nanyi viongozi wa jumuiya na akina mama wa WAWATA, naomba kazi moja mwezi huu. Ulizeni kwa upole, nyumba kwa nyumba, kama yupo mtoto anayeanguka ambaye amefichwa ndani. Mkimpata, msimpelekee maneno. Mpeni mama yake nauli ya daladala hadi mjini, na mmoja wenu amsindikize.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya shinikizo la damu kwa wazee.